Mkono wa Kanali Ngaiza

Kapteni Lukwaro alisema nimechaguliwa kusoma pingamizi kwa sababu nina sauti ya mtu anayetangaza ndoa kanisani.

"Soma, Mchungaji," aliniambia, akinisukuma bega. "Ila usitupitishie kikapu cha sadaka."

Sikuwa mchungaji. Nilikuwa luteni wa miaka ishirini na sita, Anyelwisye Mwaisela, msaidizi wa kamanda wa Brigedi ya Saba, na waliniita hivyo kwa sababu nilisali kabla ya kula. Nilipanda juu ya sanduku la risasi. Saa moja asubuhi brigedi yote ilikuwa imejipanga kwenye uwanda wa magadi, na mbele yetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ukuta wa Bwawa la Mnene uliziba bonde kutoka mlima hadi mlima. Bwawa lilikuwa la majirani zetu. Tulikuwa tumekuja kulichukua.

Kanali Stefania Ngaiza alisimama chini yangu, kofia mkononi, uso kwa askari wake.

"Mimi, Kanali Stefania Ngaiza, napinga vita hivi," nilisoma. "Maji tunayoyaendea leo kwa silaha tuliwahi kupewa kwa barua ya mkataba. Majirani zetu hawakutushambulia. Mkataba ulivunjwa na upande wetu, na nimeusoma mara tatu nikitafuta kosa lao nisilione. Nimemwandikia Waziri. Nimeliandikia Bunge. Bunge limepiga kura, limeamua vita. Naomba kila askari nitakayemwamuru asikie maneno haya, asije akadhani nilimpeleka huku nikiwa nimefumba macho."

Ndivyo ilivyo sheria ya jeshi letu. Ofisa anayepinga vita hanong'oni kantini. Pingamizi lake husomwa hadharani na ofisa wa chini yake, yeye mwenyewe akisikiliza kama anayesomewa wosia. Baada ya hapo yuko huru. Akiondoka kabla ya kuweka mkono kwenye kibao cha amri, haadhibiwi, na gari la kumrudisha nyumbani huwa limeshawashwa. Akiweka mkono, ni ofisa wa vita hivyo mpaka viishe.

Gari lilikuwa linanguruma nyuma yetu. Kanali hakuligeukia.

"Nimesema," alijibu, kama kanuni inavyotaka. "Sasa nipo."

Alivaa kofia yake.

*

Kibao kilikuwa cha shaba, ukubwa wa sahani ya wali, kimefungwa juu ya nguzo mbele ya gari la kamanda. Sheria inataka kiwe mahali wazi, askari wote wakione. Zamani kilikuwa ndani ya handaki, mpaka siku brigedi moja ilipopigana kwa saa tano chini ya kamanda aliyekwisha kufa, mtu akiwa amemshikia mkono wake pale. Tangu hapo ikaamuliwa mkono uonekane, mwenye mkono aonekane, na sauti yake isikike.

Nyuma ya gari walisimama kakakuona ishirini na wanne. Askari ndio waliowapa jina hilo, kwa magamba yao ya chuma na namna wanavyotembea wameinamisha vichwa. Kila mmoja ana mzinga mgongoni na miguu sita, na hakuna anayepiga hatua mpaka kiganja cha ofisa wa kweli kiwe juu ya shaba na sauti ya ofisa huyo itoe amri. Kiganja kikinyanyuliwa, kibao huhesabu dakika kumi. Kisipopata kiganja kingine, uongozi unachukuliwa na Makamu.

Makamu hakuwa mtu. Alikuwa akili iliyofungwa ndani ya kabati la kijivu, na kila brigedi ilikuwa na wake. Bunge lilimkubali baada ya maofisa wa brigedi moja kuacha vibao katikati ya mapigano na askari wao kuchinjwa mahali pale pale. Alikusudiwa kuokoa, lakini miaka ilivyopita maofisa waligundua faida nyingine. Ukivipinga vita, weka mkono asubuhi, unyanyue saa nne, ukanywe chai. Vita vitaendelea na wewe hutakuwa umeua mtu.

"Ukishaweka, hesabu mia moja, kisha nyanyua, afande," Kapteni Lukwaro alimwambia Kanali kwa sauti ya chini. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa Makamu. "Hakuna atakayekushangaa. Brigedi ya Tatu wamefanya hivyo wiki iliyopita. Makamu alimaliza kazi kwa dakika thelathini."

"Waliokufa wangapi?"

"Wetu, hakuna."

"Sikuuliza wetu, Lukwaro."

Kapteni alirekebisha mkanda wake.

"Na mkono wako?" Kanali aliuliza. "Nikinyanyua wangu, utaweka wako?"

"Mimi?" Kapteni alicheka kidogo. "Mimi nina watoto, afande. Sitaki wakue wakisikia baba yao alishika kibao cha Mnene. Acha mashine ilaumiwe, haina watoto."

Ndipo Kanali akauliza jambo ambalo mimi sikulijua. "Huyu Makamu wetu, ni nani aliyemfundisha?"

"Wewe, afande," Kapteni alisema. "Walichukua kumbukumbu za vita vyako vyote. Hasa Daraja la Kihesa."

Kila askari alilijua Daraja la Kihesa. Kanali alikuwa na miaka thelathini na moja wakati huo. Aliwashinda adui kwa asubuhi moja na akapata nishani. Ambalo halikuandikwa kwenye nishani ni kwamba darajani walikuwepo pia watu wa sokoni.

"Vita vya Kihesa vilichukua saa tatu," Kanali alisema. "Kabla ya kupiga lile daraja nilinyamaza. Nilisimama nikisali, nikitetemeka, mpaka wenzangu wakanipigia kelele. Ulikuwa muda mrefu. Huyu Makamu ameusikia?"

Kapteni aliangalia viatu vyake. "Mafundi waliukata, afande. Dakika arobaini. Kwenye karatasi wameuandika muda uliopotea."

Kanali alivua saa yake akanipa niishike. Akafumba macho kitambo, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaweka kiganja cha kulia juu ya shaba.

"Karibu, Kamanda," Makamu alisema kutoka kwenye kipaza sauti. Ilikuwa sauti ya Kanali mwenyewe, ila changa. "Mapigo ya moyo yako juu. Niko tayari kukupokea."

"Subiri," Kanali alimjibu. Aliwaamuru kakakuona kusogea mpaka hatua mia nne kutoka ukutani, wakasimama.

*

Amri iliyoandikwa ilikuwa na mstari mmoja. Ichukuliwe milango ya Bwawa la Mnene kabla ya jua kuzama. Lakini Jenerali Mbwilo, mkuu wa vita hivi, alitaka ichukuliwe kabla ya saa sita, ili Waziri aitangaze bungeni, na saa tano na nusu alianza kufoka redioni.

"Ngaiza! Umelala?"

"Nimesimama, Jenerali. Kwenye nyumba ya milango kuna mafundi. Raia. Nimewatumia ujumbe watoke."

"Wamekataa tangu alfajiri. Piga nyumba hiyo. Ukuta hautadhurika, wahandisi wamethibitisha."

Nilikuwa nimemshikia mwavuli.

"Hiyo siitii, Jenerali. Vita hivi navipinga na nimekuja, kwa kuwa Bunge lina haki ya kukosea. Kuwapiga mizinga mafundi, hilo Bunge halikulipigia kura."

Redio ilikwaruza. "Basi nyanyua mkono. Makamu atamaliza kwa dakika kumi na moja, na jioni utakwenda nyumbani kwako."

"Amri yangu ya maandishi ni kabla ya jua kuzama. Bado naitekeleza."

Kamanda aliyeweka mkono havuliwi madaraka kwa redio. Kanuni hiyo ni ya siku nyingi, kwa sababu adui walishawahi kuiga sauti za majenerali. Mbwilo aliijua. Ndiyo maana akamgeukia mwingine.

"Lukwaro, upo hapo? Mnyanyue huyo mama mkono."

Askari waliokuwa karibu walisikia. Kapteni Lukwaro alipiga hatua mbili kuelekea kwenye kibao, akasimama. Ndipo alipouona ule mkono. Shaba inapotuma amri hupata moto, na kibao hakikutengenezwa kushikwa zaidi ya saa moja, maana siku hizi vita haviendi zaidi ya hapo. Kanali alikuwa amekishika kwa saa nne. Ngozi kando ya kiganja ilikuwa imevimba na kung'aa, na kulikuwa na harufu ambayo sitaiandika.

"Afande," Kapteni alisema taratibu, si redioni. "Umeungua."

"Najua, Lukwaro. Mkono ni wangu."

"Lukwaro!" redio ilipiga kelele.

Kapteni alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri jambo lolote. Kisha akachukua maikrofoni ya redio. "Kanuni ya kumi na mbili, Jenerali. Mkono wa kamanda aliye hai hauguswi. Siwezi kumgusa." Akaweka kile chombo chini. "Mungu wangu," akasema. Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake bila tusi nyuma yake.

"Kamanda," Makamu alisema kwa ile sauti changa, kwa upole kabisa. "Una maumivu. Nikupokee?"

"Hapana, binti," Kanali alisema. "Wewe bado hujui unachofanya."

*

Saa nane mchana mlango mdogo wa ukuta ulifunguliwa. Mtu mmoja alitoka, amevaa sare ya majirani zetu na mabuti ya mpira ya kazini, akipeperusha kitambaa cheupe. Alipofika kwenye kibao alikuwa ameloa jasho. Alikuwa na mvi, na alimzidi Kanali miaka kumi au zaidi.

"Shikamoo, Kanali," alisema, akiinama mno.

Askari wetu walinung'unika. Mtu mzima kumwamkia aliye mdogo wake, huko ni kumtukana.

"Hiyo siipokei," Kanali alisema. "Shikamoo, Meja."

Mgeni aliinua uso. "Marahaba," akasema. "Angalau adabu mmekuja nayo. Meja Ndalahwa. Mimi ndiye mwenye zamu ya mwisho hapa, naona."

"Una watu wangapi ndani?"

"Mafundi arobaini na mmoja. Askari tisini wenye bunduki za babu zao. Nimewabembeleza mafundi watoke, wamenifungia mlango. Wanasema wao ndio wanaolipaka mafuta bwawa hili, hawaliachi." Aliwatazama kakakuona, akautazama mkono. "Tumekuangalia kwa darubini tangu asubuhi. Tukabishana. Wengine walisema umegandishwa na umeme."

"Meja, nisikilize, sina muda mwingi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mkono huu ukitoka hapa, kwa kupenda au kwa kuzimia, baada ya dakika kumi atakuja mwingine. Namfahamu. Nilikuwa yeye. Hatawabembeleza mafundi wako. Atapiga ile nyumba, kisha atapiga watakaokimbia, na hatakuwa amekasirika hata kidogo."

"Unanitisha."

"Nakueleza. Ningetaka kukutisha ningekaa kivulini."

Meja Ndalahwa alivuta pumzi. "Pingamizi lako tulilisikia. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, na kijana wako huyu ana sauti." Alinionyesha kwa kidevu. "Kwa hiyo unajua haki iko wapi. Njoo upande wetu, mama. Geuza hayo madude yako."

Angeweza. Neno moja tu, na kakakuona ishirini na wanne wangetugeukia sisi.

"Hapana," Kanali alisema. "Napinga vita hivi, lakini jeshi hili ni la watu wangu. Lile Bunge alilipigia kura mama yangu, na mimi nilipanga foleni nyuma yake. Kila kanali akipigana vita anavyovipenda tu, na kugeuza bunduki kwa asivyovipenda, kesho mtatawaliwa na makanali. Nimewaambia wakubwa wangu wamekosea. Hawakunisikia. Kazi yangu iliyobaki ni kuhakikisha kosa lao halinywi damu zaidi ya inavyolazimu. Toa watu wako, Meja. Tafadhali."

"Na nisipowatoa?"

"Nitaushikilia mpaka nianguke."

Mzee yule alikaribia, akainama, akautazama mkono kwa karibu kama fundi anavyotazama mashine iliyopasuka. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na hasira.

"Ungekuja kama mnyama," alisema, "dunia nzima ingetulilia. Umekuja na mkono ulioungua, nami nitakwenda kuwaambia mafundi wangu watoke, na watatoka. Umetunyang'anya maji kwa adabu, Kanali. Hiyo nayo ni dhambi au siyo?"

"Sijui," Kanali alisema. "Nimemwuliza Mungu tangu asubuhi."

"Akikujibu, niandikie."

Alirudi ukutani bila kugeuka nyuma.

Sijawahi kusali kama nilivyosali kwa ile saa moja na nusu. Kanali aliniomba nimwimbie, nikashindwa kukumbuka wimbo wowote, kwa hiyo nikamtajia kwa sauti majina ya mitaa ya kwetu, mmoja baada ya mwingine, na yeye akawa anayarudia ili asizimie. Kapteni Lukwaro alisimama nyuma yake, mikono yake imeinuliwa karibu na mabega ya Kanali bila kumgusa, tayari kumdaka. Mara mbili magoti yalimlegea. Mara mbili kiganja kilibaki mahali pake.

Walitoka saa tisa na nusu. Wanawake na wanaume wenye ovaroli za bluu, baadhi yao wakilia, mmoja amebeba birika la chai, kana kwamba hilo ndilo lisilotakiwa kuangukia mikononi mwetu. Askari tisini waliweka bunduki chini. Kakakuona waliingia wakasimama kwenye milango, na hakuna mzinga uliopigwa.

"Lala," Kanali aliwaamuru. Mashine zote zilikunja miguu, taa zao zikazima; kwa kuwa lengo lilikuwa limeshachukuliwa, kibao hakikuhesabu tena. Ndipo alipounyanyua mkono wake. Haukutoka wote.

*

Jenerali Mbwilo alikuwa mtu mwingine redioni. Alicheka. Alisema Waziri amefurahi, kuchelewa kumesameheka, na nishani itakuwa ya daraja la kwanza. "Kesho mnateremka kwenye mitambo ya pampu," alisema. "Hiyo ikiisha, majirani hawana la kusema."

Kanali alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu la gari. Nilimshikia redio mdomoni.

"Amri ya milango nimeitii, Jenerali. Ya kesho sitaitii. Naacha utumishi sasa hivi."

Kicheko kilikatika. Kisha, kwa sauti ya chini, "Stefania, umeshaweka mkono. Kuondoka sasa ni miaka kumi na miwili jela. Ungeondoka asubuhi ungekuwa huru, na hakuna ambaye angekulaumu."

"Asubuhi kulikuwa na watu mbele ya mizinga. Ningekwenda nyumbani msafi, wao wangekufa. Sasa hakuna aliye mbele ya mzinga ila mimi. Ndiyo saa ya kuondoka."

"Unaijua hiyo sheria?"

"Nimeifundisha, Jenerali."

Alinipa ishara nizime. Kisha akajaribu kuvua alama za cheo mabegani kwa mkono wa kushoto, akashindwa, na ule wa kulia ulikuwa haukunjiki tena.

"Luteni," alisema. "Nisaidie."

"Siwezi, afande."

"Unaweza. Anza na kifungo cha juu."

Nilimvua. Nilikuwa nimetii amri nyingi katika jeshi, na hiyo ndiyo pekee niliyoitii huku machozi yakinidondokea kwenye vifungo. Askari wa polisi wa jeshi wawili, ambao walikuwa wa brigedi yetu wenyewe, walisimama pembeni wakiangalia milima mpaka nimalize. Hawakumfunga pingu. Mmoja alivua koti lake akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha gari ili mkono upate pa kulala.

Gari lilipoondoka, redio iliita tena. Kapteni Lukwaro alipokea. Aliambiwa kwamba sasa yeye ndiye mkubwa, kwamba akitaka amwachie Makamu tangu mwanzo, na kwamba Brigedi ya Tatu wameona inarahisisha. Alisema amesikia.

Alikwenda akasimama mbele ya kibao. Shaba ilikuwa bado inafuka moshi mwembamba.

"Mimi pia siipendi hii vita, unajua?" aliniambia. "Sijawahi kuandika tu. Niliona ya nini."

"Andika leo, afande. Nitasoma."

"Utalisoma pingamizi langu kesho alfajiri, na ulisome vizuri." Aligeukia bonde. "Kule kwenye pampu kuna kijiji, Mwaisela. Nimekiona kwenye ramani." Akasogeza kiganja juu ya shaba, bila kuigusa, kuonja joto lake, akakirudisha haraka. "Hiki kinachukua muda gani kupoa?"

"Saa mbili, afande."

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akafungua kifungo cha mkono wake wa kulia, akaanza kukunja shati taratibu hadi juu ya kiwiko, akakaa chini kando ya ile nguzo kusubiri alfajiri.